Fulana ya Kijani

Ukumbi wa manispaa ya Passaic ulikuwa na joto la kutoa jasho, lakini Zulma alivuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

Ndani alikuwa amevaa fulana ya kijani, ya upande wa wenye nyumba waliokuja kupinga kodi zisipunguzwe. Meneja wa jengo alilopanga alikuwa amempa asubuhi, pamoja na mkate wa nyama. "Wewe kaa na wenye fulana hizi tu, dada. Kesho fundi anakuja kutengeneza hita yako."

Sasa kwenye kipaza sauti alikuwa jirani yake wa ghorofa ya juu, mzee ambaye macho yake sasa yaliona ukungu tu.

"Kodi inapanda kila mwaka, waheshimiwa madiwani, na hita zetu zimekufa. Tunalala na makoti. Kama mnadhani napiga chuku, muulizeni jirani yangu. Binti yangu, uko wapi? Simama uwaambie."

Zulma akasimama. Wenye fulana za kijani wakageuka wote.

Mzee alisikia koti likichakacha, akatabasamu kuelekea huko.

"Livue, mwanangu. Humu kuna joto."