Soksi ya Mguu wa Kushoto

Pasi ilikaa juu ya kisigino kwa sekunde nne, si zaidi. Dobi wa hoteli alikuwa amegeuza kichwa kumwambia mhudumu wa vyumba kwamba mashuka hayajakauka, na alipogeuka tena, moshi ulikuwa unapanda. Soksi ya mguu wa kushoto, ya kijivu yenye mstari wa kijani, ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Alichomoa waya ukutani, akaketi juu ya kapu la taulo.

Nani hupiga pasi soksi? Yeye, tena kwa heshima. Maana mwenye soksi alikuwa Kimondo, mrushaji wa mipira ya kasi wa timu ya wageni, na hakuna mpenzi wa kriketi asiyemjua. Jana yake alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia, mtu mrefu wa kuinama mlangoni, ameishika soksi kwa mikono miwili kama yai.

"Mama, hii nilipewa na mama yangu siku niliyoitwa timu ya taifa," alisema. "Miaka kumi na mmoja sasa. Nimewatoa wapigaji mia mbili tisini na nane nikiwa nayo mguuni. Siku isipokuwepo, mpira haunitii. Kesho ni mechi yangu ya mwisho, goti limekataa. Nataka wawili tu, nifunge na mia tatu."

"Mwanangu, lala usingizi. Mimi nimefua hata majoho ya majaji."

"Ila usimwambie mtu."

Akampa na tiketi mbili, viti vya mbele kabisa, nyuma ya pale anapoanzia kukimbia. Uungwana ulioje. Dobi aliikagua soksi, akaona kwa miaka kumi na mmoja imejitunza kuliko yeye.

Sasa afanyeje? Kusema ni kumvunja moyo bingwa asubuhi ya mechi, na meneja angemfukuza kabla ya chai. Akajikaza kisabuni. Akafungua kabati la vitu vilivyosahauliwa na wageni, akapata soksi ya kijivu ya mfanyabiashara fulani, akaishonea mstari kwa uzi wa kijani, akaisugua sakafuni izeeke. Kimondo aliivaa palepale mapokezi, akapigapiga mguu chini.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

Dobi alikwenda uwanjani na mumewe, dereva wa teksi, aliyevaa rangi za taifa kuanzia kofia hadi kamba za viatu. Mpira wa kwanza wa Kimondo ulipigwa ukavuka ukingo wa uwanja. Wa pili, vivyo hivyo. Wenyeji wakarukaruka, mumewe akakata kiuno. Dobi alijua ni ile soksi. Amemmaliza mtoto wa watu kwa pasi.

Akaanza kuomba. Kimoyomoyo kwanza, kisha midomo ikaanza kucheza, kisha sauti ikatoka. "Mtoe huyo, mwanangu. Mtoe."

"Nani atolewe?" mumewe aliuliza. "Mama watoto, yule ni nahodha wetu."

"Atoke tu. Amekaa sana."

Kila alipofika pale anapoanzia kukimbia, Kimondo alitupa jicho jukwaani. Dobi aliinamisha uso kwa haya, kisha akaomba zaidi.

Alasiri mpira ulimpita nahodha, na kijiti cha katikati cha vile vitatu alivyokuwa akivilinda kiling'oka, kikaruka, kikaanguka mbali. Nahodha akatoka. Watu elfu ishirini wakanyamaza, na katika ukimya ule dobi alisimama peke yake akapiga vigelegele. Mumewe alihama viti viwili.

"Simjui yule mama," alimwambia jirani yake.

Mwishoni wenyeji walibakiwa na mpigaji mmoja, na alama tatu tu za mikimbio kufikia ushindi. Nchi yake au soksi. Dobi hakufikiri mara mbili. Kimondo alikimbia akichechemea, mkono ukazunguka, vijiti vikatawanyika. Mia tatu. Dobi alimkumbatia askari wa zamu akamzungusha mpaka kofia ikamdondoka, naye askari, kwa kutojua la kufanya, akacheza naye.

Asubuhi iliyofuata, timu ikifungasha, alimkuta Kimondo kwenye korido. Furaha yote ilikuwa imemwisha. Akafumbua kiganja.

"Mwanangu, nilikudanganya. Ulivaa soksi ya mtu baki. Ya mama yako hii hapa, niliiunguza." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kimondo aliitazama soksi, akamtazama yeye, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya sanduku lake. Kisha akafungua zipu ya begi, akatoa pakiti: jozi tano za soksi za kijivu zenye mstari wa kijani, na lebo ya dukani bado imening'inia.

"Hiyo ni ya thelathini na ngapi sijui," alisema. "Dobi mmoja aliipoteza. Mwingine aliitia dawa ya madoa ikawa nyeupe pee. Lakini wewe ndiye wa kwanza kunipigia vigelegele."

"Sasa ulinitesea nini, mwanangu? Nimepungua kilo mbili."

Kimondo alimwekea pakiti nzima mikononi.

"Mama, ugenini uwanja mzima unaniombea nivunjike mguu. Nikimwachia dobi soksi, napata wa kwangu mmoja."