Mizani ya Mkaguzi Korongo

Wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la karanga, na kila mmoja alipewa kibaba kimoja kwa siku. Karanga zilipoanza kupungua kwa wizi, Mkaguzi Korongo alileta mizani akatangaza, "Chakula chetu ni sawa. Aliyenenepa ndiye mwizi!"

Kobe alipoipanda, mizani iliguna. Akaamriwa alihame bonde alimozaliwa kabla jua halijatua.

"Babu, mwili haudanganyi!" alicheka Kindi, akirukaruka juu ya gamba lake.

Kobe alimtazama, akawaza: Huyu tangu alfajiri hajaketi; chakula chake chote kinaishia miguuni. Changu mimi kinakaa kitako pamoja nami! Moyo wa Kobe ukaenda mbio, jambo ambalo miguu yake haikuwahi kulifanya.

"Haya, nahama," alisema. "Ila mwembamba kama wewe hawezi kunishinda kula."

"Mimi? Leteni debe!"

Debe likaja. Kobe alikula kibaba akafuta mdomo. Kindi alilimaliza debe zima huku umati ukimpigia vigelegele, akaupanda mti na kushuka, kisha akajipiga kifua.

"Ndivyo nilavyo kila siku, na wala sinenepi!"

"Kila siku, mjukuu wangu?" aliuliza Kobe. "Kwa kibaba kimoja?"

Vigelegele vikakatika. Wote wakageuka kulitazama ghala.

Jua lilipotua, aliyehama ni Kindi. Mkaguzi Korongo naye hakulala: aliisimamisha kazi mizani, kupisha uchunguzi.