Kipikipiki cha Kilomita Mia Mbili

Maneno mama aliyasikia kwenye foleni ya maji: vile vipikipiki vidogo hukatika usukani vikishika kasi. Ameshakufa mmoja, wakasema. Wengine wakasema watatu. Aliyeliona kaburi hakuwepo, lakini maneno yalimganda mama kama kupe, na miaka tisa haikuyabandua.

Sasa alikuwa amekaa gereji kwenye kiti cha plastiki, akiomba kimoyomoyo fundi aseme hiki ni chuma chakavu. Binti yake, kitinda mimba, aliyesimama kando yake, alikuwa amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya mbali. Walikubaliana: kipikipiki cha marehemu kaka wa binti huyo kikiwa kibovu, kiuzwe kwa kilo. Kikiwa kizima, binti atakipanda kwenda kazini.

Fundi alimimina chai. "Sukari, mama?"

"Niliacha. Tangu msiba."

"Mimi nikiacha sukari, hata spana sinyanyui." Akafuta vumbi kwenye mita, akacheka. "Kilomita mia mbili na kumi na nne. Miaka tisa! Toroli langu limetembea kuliko hiki."

"Lakini cha zamani," mama akasema. "Tazama tairi, zimepasukapasuka."

"Tairi zinanunuliwa. Thamani iko kwenye injini, na hii haijaonja shida."

"Na usukani?"

Akautingisha kwa mikono miwili. "Huu utatuzika sote, mama."

Mama akaweka kikombe chini.

Fundi akafungua kabureta, akachomoa kichungi, akakigonga kiganjani. Zikadondoka punje nyeupe zilizogandana. Akaonja moja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Sukari. Mtu kaitia tangini. Ndiyo iliyokigomesha."

Binti akaduwaa. "Na sisi tulimcheka kaka kwamba hajui kuwasha. Asubuhi ile alihangaika nacho mpaka jasho, akaona atachelewa kazini, akadandia lori la mchanga..."

Mtaa mzima uliujua mteremko lilipopindukia lile lori.

"Wenye husuda hao," fundi akasema. "Ajabu yake, kufuli ya tangi haina hata mkwaruzo." Akahesabu kwa vidole. "Tairi mbili, toa. Kusafisha tangi, toa. Bado bei yake ni ya kitu kipya. Usiuze, dada. Panda."

Chai ya mama ilipoa.

Jumatatu, kabla hajatoka, binti alikuta karatasi ya daftari kwenye mfuko wa koti lake la kazi, imeandikwa kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyeishia shule ya msingi:

MAMBO YA KUEPUKA

Usikimbize kwenye kona.

Usipande ukiwa na usingizi.

Usibebe mtu.

Kikigoma, usidandie lori. Rudi nyumbani, kazi itakusubiri.

Usishike maneno ya foleni ya maji.

Ufunguo wa tangi usiniachie mimi.