Machozi ya Mwanaheri

Siku hizi mtoto akitimiza miaka saba hutiwa kidude nyuma ya sikio, na mwili wake humwiga wenyewe yule anayetazamwa na watu wengi zaidi mitandaoni. Mjukuu wangu Mwanaheri alitiwa Jumatatu. Jana nilimwita tumwombee dua marehemu babu yake, mume wangu. Sijamaliza Fatiha, analia kwa kwikwi, kamasi zinachuruzika mpaka mdomoni, huku macho yanatafuta kamera.

"Futa, mwanangu! Kinyaa gani hiki?"

"Ndivyo anavyolia yule dada wa mtandaoni, bibi. Mbona wewe hulii? Hukumpenda babu?"

Akalamba kamasi, akatabasamu. Nikaanza dua upya, peke yangu. Machozi yakanijia, nikayazuia, nisije nikafanana naye.