Yai Ndani ya Mrija

Germana alimpa mumewe lenzi ya kukuzia, akasogeza meza dirishani.

"Mama yako anasema mimba ilitoka kwa sababu nilijifunga kanga kwa nguvu nikilima maharage," alisema taratibu. "Nawe ulinyamaza. Basi tazama."

Germana alikuwa mwalimu wa baiolojia mjini Karatu. Asubuhi ile alikuwa ameokota mayai ya chura yaliyotoka kutagwa mtaroni, akaliingiza moja kwenye mrija mwembamba wa kioo. Lilikuwa duara; sasa limebanwa pande zote, limerefuka.

Mumewe aliinama. Walingoja mpaka chai ikapoa.

Kisha mfereji mwembamba ukaanza kujichora juu ya ngozi nyeusi ya yai. Ulilikata kwa upana, katikati ya urefu wake.

"Halijafa," alisema mumewe.

"Umbo limebadilika, likabadilisha mahali pa kujigawia. Lakini limebanwa hivyo na bado limejigawa."

Mumewe aliendelea kutazama hadi nusu mbili zikatimia. Akaweka lenzi chini. Akachukua koti lake mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Germana aliuliza.

"Kwa mama. Nilipaswa kwenda kumkatalia tangu siku ile aliposema maneno hayo."