Dawa ya Lusia

"Kunywa, usiitazame," alisema mama mkwe. "Ukiitazama itakushinda."

Lusia alibana pua. Dawa ilitulia kikombeni, nyeusi tititi, ikinuka mkojo wa ng'ombe na usipa, dagaa wa ziwani, waliosahauliwa guniani wakati wa mvua. Juu yake maziwa ya mbuzi yalikuwa yamekatika vipande vipande, kama kuna mtu aliyetangulia kuyanywa akayarudisha.

Mhindi mwenye duka kule Mbamba Bay ndiye aliyeiuza, ndani ya kopo la biskuti lenye picha ya mfalme wa Waingereza. Alisema ni jasho la mawe ya milima ya kwao, na wazee wao wanalila tangu zamani za zamani. Linakaza mifupa, linasafisha damu, linapasha kiuno moto, na mwanamke aliyekauka anachanua tena.

Mawe ya wapi hayo yasiyooga, alijiuliza Lusia.

"Mama, leo nusu tu."

"Nusu! Unataka unizalie nusu mjukuu?"

Lusia alimeza. Dawa ilishuka kooni kama konokono, ikafika nusu ya njia, ikataka kurudi.

Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu aolewe kijijini Kitura, na tumbo lake lilikuwa bado limelala. Mama mkwe alishatamka mbele ya wazee: kahawa ikiiva hakuna mimba, Lusia anafunga mzigo wake anarudi kwao Namswea, na Urbani atatafutiwa mwingine. Urbani mwenyewe, mume mzima, alisikia maneno hayo akajikuna shingo.

"Mimi yangu niliyamaliza siku Urbani alipooa," mama mkwe alipenda kusema. "Mtoto akishaoa, mama unafunga duka. Si kama Bonifasia wa kule bondeni, amezaa huku mkwe yumo ndani! Mpaka leo akienda kanisani anapita njia ya porini. Sasa ni zamu yako, na zamu yenyewe ndiyo hiyo unaibania pua."

Kwa desturi, anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza, isije ikasemwa ametia sumu. Basi mama mkwe alionja kila asubuhi. Wiki ya kwanza alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaufuta ulimi kwa upindo wa nguo. Wiki ya tatu akapiga funda. Alisema magoti yameacha kumuuma, na ni vizuri mtu kuwa na hakika. Kufika Noeli kikombe kilimfikia Lusia kikiwa nusu, naye hakulalamika hata kidogo. Nusu hiyo aliipeleka nyuma ya migomba, akaitapika yote, akafukia kwa mguu kama paka.

Ila nyumba ilikuwa imechangamka, hilo lazima lisemwe. Hata baba mkwe, mzee Kiliani, ambaye zamani alikuwa haonekani mpaka mtungi wa pombe ukauke, sasa alirudi jua lingali juu, akisifu mboga.

Masika yalipokolea, mambo yakaharibika. Mama mkwe alianza kutapika. Alitapika akinusa dawa. Alitapika usipa wakikaangwa kwa jirani. Jumapili ya Matawi alitapika kanisani, akamlowesha jirani yake Tadea aliyepiga magoti mbele yake, toka kilemba mpaka mgongoni, na vipande vya mihogo vikabaki vimening'inia kwenye tawi lake la mtende.

"Huyu binti amenitilia kitu!" alilia alipofika nyumbani.

"Mama, hilo kopo unalala nalo wewe, chini ya kitanda chako."

"Nyamaza! Mtu mzima kama mimi nitapike bila sababu?"

Mzee Othmar, mkubwa wa ukoo, aliita kikao barazani. Alisikiliza, akakunja uso, akasogeza kigoda chake mbali na mgonjwa.

"Nendeni zahanati ya misheni," alisema. "Sista akisema ni sumu, Lusia asirudi hapa hata kuchukua jembe. Aunganishe safari mpaka Namswea."

Urbani akajikuna shingo.

Walitoka alfajiri. Lusia alitangulia na mzigo wake wote kichwani, mama mkwe nyuma amekumbatia lile kopo kama ushahidi. Walisimama mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe hakuwahi kufika pembeni. Tapishi la moto lilitua juu ya mguu wa Lusia, likapenya katikati ya vidole. Lusia alichuma majani, akajifuta kidole kimoja kimoja. Alikuwa akimfikiria baba yake, atakavyosimama mlangoni aone mzigo ule na asiulize kitu.

Sista Ottilia alifungua kopo, akanusa, akalifunga haraka. Kisha akafungua dirisha.

"Nani amekunywa hii?"

"Sote wawili," alisema Lusia.

Sista alimlaza mama mkwe kitandani, akamminya tumbo, akamuuliza maswali kwa sauti ya chini. Akamlaza Lusia naye, akamminya. Alinawa mikono, akaifuta taratibu, huku mama mkwe akimkazia Lusia jicho la kumsindikiza Namswea.

"Sumu hakuna," alisema Sista. "Kuna mimba. Miezi minne."

Lusia alikuwa ameshaokota mzigo wake aondoke. Mzigo ulimteleza mikononi, akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

Sista alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa: si yeye.

Mama mkwe alichungulia nje, akaurudishia mlango, akainama akaokota mzigo wa Lusia, akaupangusa vumbi.

"Lusia, mwanangu," alinong'ona, na kwa miaka minne hajawahi kumwita hivyo, "nyumbani tutasema ni yako."