Kituo cha Faraja

Sheria ilitaka kila simu ya ndugu ipitie Kituo cha Faraja, ambako mitambo iliondoa huzuni katika sauti kabla ya kuifikisha. Nyemo, fundi wa mtandao mjini Dodoma, aliliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Asubuhi moja simu za kwenda Mpwapwa, alikoishi mama yake, zilianza kukatika. Kila simu ilibeba namba za vituo itakavyopitia, na Nyemo akagundua kwamba namba ya Kituo cha Faraja ilikosewa. Ili kuhakikisha vituo vingine ni vizima, aliiondoa kwa muda, akampigia mama. Simu ikapita. Akasikia kwikwi.

"Mama, unalia? Kuna nini?"

"Namlilia baba yako, mwanangu. Tangu tumzike nalia hivi kila ukinipigia. Nilidhani umeshazoea."

Siku zote Nyemo aliwaambia watu kwamba mama yake amejikaza.

Mkuu wa zamu akauliza kama tatizo limekwisha. Nyemo akairudisha namba, safari hii ikiwa sahihi.

"Bado upo?" mama akauliza kwa sauti changamfu.

"Nipo, mama," Nyemo alijibu huku machozi yakimtoka.

"Haya. Nafurahi kukusikia una raha."